Kunde Kumi na Mbili

Jumatatu, 10 Januari 1977

Nimerudi bwenini. Chumba kile kile, baridi ile ile, na bomba la joto linagonga ukutani bila kutoa joto lolote. Mama kanifungia pai mbili za viazi vitamu, moja yangu na moja "ya yule mtoto wa watu unayelala naye chumba kimoja", yaani Vernell Tisdale. Vee hata hakuigusa. Alikuwa amekaa kitandani na koti mwilini, barua mkononi, na uso wa mtu anayetaka ukae kwanza ndipo aseme.

Makao Makuu wamekubali. Miaka miwili Vee amekuwa akiwaandikia wale mabibi wa Washington kuomba tawi la Udada, chama chao cha wasichana weusi wa vyuo, hapa chuoni Harlan Ridge. Barua kumi na moja. Mimi nilichosaidia ni kulamba stempu. Herufi zenyewe za chama sitaziandika hapa, Vee kaniapisha, maana kwetu msichana akijulikana kwamba anautaka Udada kabla hajaitwa, basi ameukosa.

Masharti ni haya: wasichana kumi na wawili, hata mmoja asipungue, kila mmoja awe na wastani wa alama mbili na nusu kati ya nne, na hati isainiwe kabla Aprili haijaisha. Wazungu wana nyumba tisa za vyama vya namna hiyo, mtaa mzima, na nguzo mbele. Sisi wasichana weusi wote wa chuo hiki tunaenea kwenye meza tatu za bwalo.

Vee alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. "Teenie, shangazi yangu alizikwa na dada arobaini wamevaa nyeupe tupu. Mimi nikifa hapa watamwita mfagizi."

"Basi usife," nikamwambia. "Kula pai."

Ijumaa, 14 Januari

Wiki nzima ya kunong'ona vyooni. Tumepata kumi na wawili, Vee na mimi tukiwemo. Kamili, hakuna wa ziada.

Jumatano, 19 Januari

Leo tumeenda kwa Bi. Hortense Mabry. Ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi mjini na amekuwa ndani ya Udada miaka thelathini, naye ndiye aliyepewa kazi ya kutufinyanga. Mwanamke mfupi, mgongo kama rula. Alituangalia viatu kwanza, nyuso baadaye.

Akatupanga mstari mmoja kwa kimo, mfupi mbele, mkono wa kushoto begani mwa aliye mbele yako. Mimi wa nne, Vee wa tano. "Hiyo ni nafasi yako mpaka unaingia kaburini," alisema. "Na mtakaoingia kwanza ndio wakubwa. Anayekuja baada yenu, hata awe amewazidi miaka kumi, ni mdogo wenu milele. Mmenielewa?"

"Ndiyo, Bi."

"Sikusikia."

"Ndiyo, Bi."

Marvella, aliye wa kwanza kwa ufupi na wa kwanza kwa mdomo, alininong'oneza njiani kwamba jeshini angalau wanalipwa. Vee hakucheka. Alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba mayai.

Jumatano, 2 Februari

Mvua ya barafu. Historia ya waasisi, saa tatu nzima, Vee akitufundisha. Anawajua wale mabibi wa zamani kuliko ninavyowajua binamu zangu. Jewel, wa sita mstarini, alichanganya miaka, Vee akamrudisha mwanzo mara sita bila kukasirika.

Jumapili, 6 Februari

Nimefanya jambo, na naliandika ili nilione vizuri.

Kwenye chumba cha kufulia nimekutana na msichana mgeni, Glynis Rainey, kahamia kutoka Savannah muhula huu. Mrefu, mpole, alama zake ni tatu na pointi sita. Mama yake ni wa Udada. Sasa, sisi ni kumi na wawili kamili. Mmoja akivunjika mguu, akipata mimba, akiitwa nyumbani, tumekwisha wote. Nikamdokeza. Akaelewa mara moja, hakuuliza la pili. Jioni nikampigia simu Bi. Mabry, akasema nina akili, na kwamba jina hilo atalitia kibindoni.

Vee sikumwambia. Angesema kuweka mtu wa akiba ni kuwaombea wenzako mabaya, na angeniangalia kwa yale macho. Nitamwambia baadaye. Gari lolote lina gurudumu la ziada, na hakuna anayemtukana dereva kwa hilo.

Jumatano, 9 Februari

Mafua. Supu ya kopo.

Jumanne, 15 Februari

Bi. Mabry anataka karatasi za matokeo ya muhula uliopita kufikia wiki ijayo. Vee hakuja kula chakula cha mchana wala cha jioni. Nilimkuta amelala kifudifudi, viatu miguuni.

"Mbili na pointi nne," alisema kwenye mto.

Nikadhani anataja saa.

Novemba baba yake alipigwa na kiharusi, upande mzima ukafa. Vee alikaa naye wiki tatu, akimlisha, akimgeuza, maana mama yake hayupo na kaka yake ni bure kabisa. Aliporudi alikuta mtihani wa kemia umepita. Profesa akamwandikia sifuri, na sifuri hiyo imemburuta chini ya mstari kwa pointi moja tu ya kumi. Ameijua tangu Krismasi. Krismasi yote hiyo, barua ya Makao Makuu ilipokuja, pai ya mama yangu, mabibi wa zamani, kote huko alikuwa anaijua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani nikimwomba profesa atanihurumia. Nimeenda mara nne. Leo kaniambia nisimwonyeshe tena uso wangu."

Nilimvua viatu. Nilitaka kumwambia habari za Glynis pale pale, nikaona huo sio wakati. Sasa amelala, na ninaogopa kwamba huo ndio ulikuwa wakati wenyewe.

Alhamisi, 24 Februari

Leo aliwaambia mwenyewe. Alisimama katikati ya zulia la Bi. Mabry, mikono nyuma, akataja alama yake, akaeleza habari za baba yake kwa sentensi mbili, akaomba radhi. Wengine walilia.

Bi. Mabry akavua miwani. Akasema basi sisi ni kumi na mmoja, na kumi na mmoja hawafungui tawi. Akasema ataandika Makao Makuu wasogeze hadi Oktoba, kwamba wamewahi kufanya hivyo kwa vikundi vilivyopungukiwa, na Vernell atakuwa amerudia kemia kiangazi hiki. Kuna hatari, maana mkuu wa wanafunzi hapa ana tabia ya kukubali Aprili na kukataa Oktoba, aliwafanyia hivyo wavulana wetu walipoomba chama chao mwaka jana. Lakini ataandika.

Vee alishusha pumzi mpaka tukaisikia. Mabega yake yalishuka kabisa. Sijawahi kumwona mtu akishukuru vile.

Ndipo Bi. Mabry alipovaa miwani tena. "Isipokuwa," akasema, "yupo yule msichana wa Ernestine."

Ernestine ndiye mimi.

Vee akageuka. "Msichana gani?"

Hakuna aliyejua ila mimi na Bi. Mabry. Nikasikia sauti yangu inasema Glynis, kutoka Savannah, chumba cha kufulia, ilikuwa tahadhari tu. Neno tahadhari nililitaja mara tatu. Vee aliniangalia, sio kwa yale macho niliyoyaogopa. Aliniangalia kama anajaribu kukumbuka aliniona wapi.

Kura Jumapili ya wiki ijayo. Tulitembea kurudi bwenini pamoja, kwa sababu tunaishi chumba kimoja na njia ni moja.

Ijumaa, 25 Februari

Ananijibu nikimsemesha. Chumvi, ahsante, zima taa.

Jumapili, 6 Machi

Chavua ya misonobari imeanza. Magari yote ni ya njano, ngazi za Bi. Mabry ni za njano, na viatu vyetu vyeupe tulivyovaa kwa heshima viligeuka rangi kabla hatujafika mlangoni.

Mezani palikuwa na bakuli lenye kifuniko na sahani mbili, moja ya kunde, moja ya maharage meupe. Kila mtu achukue moja, aifiche kiganjani, apite, aitie bakulini. Kunde maana yake tunaendelea Aprili na Glynis. Haragwe jeupe maana yake tunasubiri Oktoba.

"Tawi huzaliwa kwa moyo mmoja," Bi. Mabry alisema. "Sitaki kumi kwa wawili. Haragwe moja jeupe likitokea, moja tu, tunasubiri, na sitauliza ni la nani. Wala ninyi msiulizane mpaka mnakufa."

Glynis akauliza kwa adabu kama naye anapiga kura. Akaambiwa ndiyo, wote kumi na wawili. Vee akaambiwa asubiri jikoni. Alienda bila kusukumwa. Tulimsikia akifungua bomba na kuanza kuosha sahani tulizolia, ingawa hakuna aliyemtuma.

Nilikuwa wa nne. Niandike ukweli, maana daftari hili hakuna wa kulisoma. Nilikuwa na sababu. Mkuu wa wanafunzi angeweza kutugeuka. Mama ameshakata kitambaa cha gauni. Oktoba wanne kati yetu watakuwa wamebakiza miezi michache tu chuoni. Sababu zote nzuri, na hakuna hata moja niliyoifikiria nilipokuwa nimesimama mbele ya zile sahani. Nilifikiri mambo mawili tu. La kwanza, nautaka. La pili, yuko mwingine nyuma yangu atakayeweka jeupe, Jewel ana huruma, au yule mtoto wa mchungaji, kwa hiyo Vee hatadhurika na mimi nitakuwa sijajizuia mwenyewe. Nikachukua kunde. Ilikuwa nyepesi mno, nikaibana kwa vidole nisiidondoshe.

Bi. Mabry akamimina kwenye kitambaa cheupe. Akazitenga kwa kidole, moja moja. Alipofika ya saba nilianza kuombea jeupe. Ya tisa. Ya kumi nilikuwa namlaumu Jewel moyoni. Ya kumi na mbili.

Alizihesabu tena. Hata yeye nadhani hakutegemea.

"Vernell," akaita.

Vee akaja akifuta mikono kwa aproni. Alitazama kitambaa, nikaona midomo yake inahesabu. Mtu wa kemia anajua kuhesabu. Kumi na mbili kati ya kumi na wawili, maana yake na mimi nimo.

"Hongereni," alisema. Akarudi jikoni kumalizia sufuria.

Jumatatu, 7 Machi

Sikuenda darasani.

Jumatano, 16 Machi

Tumepangwa upya. Glynis kaenda nyuma kabisa kwa urefu wake, na wote waliokuwa nyuma ya Vee wamesogea hatua moja mbele. Sasa mkono begani mwangu ni wa Jewel. Una jasho.

Jumapili, 20 Machi

Tumekatazwa kuulizana, basi tumeulizana. Marvella ndiye aliyeanza, ananisuka nywele sakafuni kwake, ghafla akaniacha na shungi moja juu.

"Wewe mwanamke una roho ngumu," akasema. "Mimi niliweka kunde kwa sababu yako."

"Yangu vipi?"

"Si wewe ndiye unayelala naye? Nikasema Teenie lazima ataweka jeupe, kwa hiyo mimi niweke kunde, nisiharibu jina langu kwa Bi. Mabry kama atatambua. Nilikuwa na uhakika nawe kama ninavyokuwa na uhakika na mama yangu."

Jewel alikuwa kitandani. Akaanza kulia kabla hata hatujamgeukia. Yeye alidhani ni mimi na Marvella, wote wawili. Mtoto wa mchungaji, alipoitwa, akasema alidhani wote tutaweka jeupe isipokuwa yeye, akaona aibu kwa tamaa yake, akaiweka kunde hivyo hivyo akijua haitafaa kitu. Tumezunguka vyumba vyote mpaka chakula cha jioni kikapita. Ni yale yale. Kila mmoja alimwachia mwenzake. Glynis peke yake alisema, "Mimi simjui mtu hapa. Nilidhani ndivyo mlivyotaka." Huyo sina la kumlaumu.

Nikapendekeza twende kwa Bi. Mabry, tuombe kura nyingine. Walitazama sakafu. Majina yameshapelekwa Washington, Marvella akasema, na ni kweli. Na mimi sikupendekeza mara ya pili, hilo nalo ni kweli.

Jumatatu, 28 Machi

Chavua. Kikohozi. Vee amefungua dirisha na kulifunga mara tano.

Jumanne, 5 Aprili

Bi. Mabry alitupima historia, Glynis akaanguka vibaya, na mtihani wa mwisho ni wiki ijayo. Nilirudi nikiwa nimekata tamaa. Nikamkuta Glynis kwenye kiti changu na Vee mbele yake, akimrudisha mwanzo. Mara sita, bila kukasirika.

Glynis alipoondoka nikashindwa kujizuia. "Kwa nini unafanya hivi?"

"Tawi likikataliwa, Oktoba nitaingia wapi?"

"Vee, nisikilize. Mimi nilidhani..."

"Najua mlichodhani. Marvella kaja kulia hapa, Jewel kaja kulia hapa. Nimewapa wote leso." Alikuwa anapanga vitabu, mgongo kwangu. "Unajua mimi nilidhani nini? Sikudhani ni wewe, Teenie. Tangu ile habari ya Savannah nilishakutoa hesabuni. Nilidhani yuko mmoja, yeyote. Niliosha sahani zote zile nikiwa na amani kabisa, namuwaza huyo mmoja, nikijiuliza nitamjuaje nimshukuru."

Nilimwomba msamaha. Nililia mpaka jirani akatugongea ukuta. Akaja, akakaa kando yangu, akanipa leso na mimi. Ningependa angenipiga.

Jumamosi, 23 Aprili

Imekwisha. Mlango ulifungwa, mapazia yakashushwa, na yaliyotendeka humo siruhusiwi kuyaandika. Naweza kuandika kwamba gauni la mama lilinikaa vizuri na kwamba asubuhi Vee ndiye aliyenipiga pasi nywele, kwa sababu Marvella angenichoma sikio. Alikamata kitana cha moto, akanishika kidevu nisitikisike, akafanya shungi moja moja mpaka kisogoni. Nilimwona kwenye kioo ananitazama kichwa tu.

Hati ina majina kumi na mawili kwa wino mweusi. Waasisi wa tawi. Nilisaini la nne. Wakapiga makofi, mabibi kutoka Atlanta wakatubusu, na kulikuwa na kuku na mkate wa mahindi.

Baadaye Bi. Mabry akatukalisha. Kuanzia leo, akasema, msichana yeyote anayeutaka Udada atatuita Dada Mkubwa na jina la ukoo. Tukiingia chumbani atasimama. Hataketi mpaka aambiwe. "Msilegeze," akasema. "Mkilegeza kwa mmoja mmelegeza kwa wote. Najua mnamfikiria nani. Kwake ndio kabisa."

Jumapili, 24 Aprili

Nililala kwa Jewel.

Ijumaa, 6 Mei

Joto. Mitihani imekwisha, nusu ya bweni imeshaondoka. Nilikuwa nimekwepa chumba changu siku kumi na mbili, naingia Vee amelala, natoka hajaamka. Leo ilibidi nifunge sanduku.

Nilipofungua mlango alikuwa kitandani, anakunja mashuka. Akasimama. Nikadhani anataka kutoka, nikampisha. Hakutoka. Alisimama wima, mikono ubavuni, macho usawa wa shingo yangu.

"Habari za mchana, Dada Mkubwa Pruitt."

"Vee, acha. Tuko wawili tu."

"Najua tuko wawili, Dada Mkubwa."

Nilimtafuta usoni nione kama ananikejeli. Kama angekuwa ananikejeli ningefurahi, ningejua bado tuna ugomvi. Hapakuwa na kejeli. Anautaka Udada kama alivyoutaka Januari, na hivi ndivyo unavyotafutwa. Nikamwambia aketi. Akasema ahsante, akaketi, akatoa karatasi chini ya mto.

Ilikuwa fomu ya Oktoba. Mwombaji anahitaji mdhamini mmoja kutoka tawi, na wengine wote wameshaondoka. Aliniomba kwa maneno yale hasa yaliyoandikwa kwenye kitabu cha taratibu, bila kuruka hata moja. Nilikaa mezani nikachukua kalamu ya risasi. Jina la mwombaji. Umemfahamu kwa muda gani. Miaka miwili. Tabia yake. Njema. Kisha swali la nne: mwombaji amelifanyia nini tawi letu? Wameacha mistari miwili.

Nikaandika: Alilianzisha.

Vee alikuwa anasoma kwa upande. "Samahani, Dada Mkubwa. Ulifute hilo."

"Ni kweli."

"Makao Makuu wana orodha ya waasisi. Wataangalia, waone simo, waseme nimeanza kwa kudanganya." Alisubiri kidogo. "Andika kwamba nilisaidia kufundisha historia. Hilo Bi. Mabry anaweza kulithibitisha."

Nilifuta. Nikapuliza vumbi la kifutio, nikaandika alivyoniambia, nikasaini kwa wino. Alisimama kuipokea, kwa mikono miwili.